Jina Jeupe Juu ya Shati Jeupe: Madoido ya Picha Katika Vivinjari vya Zamani

Safari hii sikuleta shairi wala insha ya methali. Nimeleta somo dogo la kompyuta, na nimelileta kwenye jarida la Chama cha Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, kisa chenyewe kilitokea ndani ya chama hiki. Pili, nimechoka kusikia ati mambo ya kompyuta hayasemeki kwa Kiswahili. Yanasemeka. Mlezi wetu angependa niseme tarakilishi. Mimi nitasema kompyuta kwa kuwa ndilo neno tunalolitumia maabarani, naye najua atanisamehe.

Mada ni hii: namna ya kutia madoido kwenye picha bila kuuharibu ukurasa utakapofunguliwa kwa kivinjari cha zamani. Kivinjari ni ile programu ya kufungulia kurasa, kama vile Internet Explorer, Firefox au Chrome. Madoido ya picha ni kama kuitilia picha kivuli, kuziviringa pembe zake, kuigeuza ya kijivu, kuitia ukungu, au kuifunika kwa utando unaopenyeza nuru ili maneno yasomeke juu yake. Katika haya yote faili ya picha haiguswi. Kivinjari ndicho kinachoambiwa, "Ukiionyesha hii, ionyeshe hivi." Na hapo ndipo taabu huanzia, maana vipo vivinjari vinavyoambiwa visielewe.

KISA CHENYEWE

Muhula wa pili wa mwaka 2024 chama chetu kilikuwa na kikundi cha kukariri mashairi kilichokuwa kikijiandaa kwenda mashindanoni. Wanafunzi kumi na sita walijaribiwa. Kumi na wawili wakachaguliwa, wanne wakawekwa akiba. Mimi nilikuwa Kidato cha Pili, na ndimi niliyepewa kazi ya kutengeneza gazeti la chama la kompyutani, yaani kurasa chache zinazonakiliwa kwa flashi katika kila kompyuta ya maabara ili kila mtu azisome kwa wakati wake. Hazipiti kwenye intaneti; hufunguliwa pale pale kutoka kwenye diski.

Nikaamua kuwatangaza wateule kwa picha. Kazi hiyo niliifanyia kwenye kompyuta ya mkononi ya mlezi, iliyokuwa na Chrome mpya. Jamani, niliyamwaga madoido! Picha kumi na sita zenye pembe za mviringo, kila moja na kivuli chake. Wateule wakawa wa rangi, wa akiba wakawa wa kijivu. Sehemu ya chini ya kila picha ya mteule nikaifunika kwa utando mweusi unaopenyeza nuru, na juu ya utando huo nikaandika kwa herufi nyeupe jina lake, pamoja na agizo kwamba fomu iliyotiwa sahihi na mzazi iletwe kufikia Ijumaa. Siku ya mkutano tuliutazama ukurasa kwenye kompyuta ya mlezi na watu wakapiga makofi. Nikanakili, nikaondoka. Sikufungua hata kompyuta moja ya maabara nione.

Kulikuwa na mvulana wa Kidato cha Kwanza ambaye siku ya mkutano alikuwa amelazwa chumba cha wagonjwa. Alipopata nafuu alikwenda maabarani, akafungua ukurasa, akatazama, akatoka. Ijumaa ikapita bila fomu yake. Mlezi akangoja hadi Jumatatu, kisha akampandisha mmoja wa akiba na orodha ikapelekwa. Siku mbili baadaye mvulana yule alinikuta kwenye foleni ya chakula.

"Kaka, ni kweli mimi nilichaguliwa?"

"Ulichaguliwa. Si jina lako liko pale kwenye picha?"

"Kwenye picha hakuna jina. Ziko picha tu, za sisi wote kumi na sita, zote za rangi. Nikadhani mmeweka tu wale waliojaribu."

Nilimwambia hakutazama vizuri. Nayakumbuka maneno hayo, wala siyapendi. Baada ya chakula tukaenda pamoja. Kompyuta za maabara yetu ni za Windows XP, na kivinjari chake ni Internet Explorer 8. Aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Picha zote zilikuwa za rangi. Kivuli hakuna, mviringo hakuna, majina hakuna. Nikashika kipanya nikakiburuta juu ya mahali ambapo jina lake lingekuwa, kama mtu anayetaka kunakili maneno, na herufi zikajitokeza ndani ya mstari wa buluu. Jina lilikuwepo. Lilikuwepo siku zote, jeupe juu ya shati jeupe la sare.

Akalisoma, akalisoma na agizo la fomu, kisha akasema tu, "Kumbe." Wiki hiyo basi likaondoka bila yeye.

KWA NINI KIVINJARI HAKIKUSEMA KITU

Kivinjari kinaposoma faili ya mtindo, ile iliyoandikwa kwa lugha ya CSS, kikikuta agizo kisilolielewa hakilalamiki wala hakisimami. Huliruka na kwenda kwenye linalofuata. Wengi hudhani hii ni kasoro. La hasha! Ndivyo ilivyokusudiwa tangu CSS ya kwanza ilipotolewa mwaka 1996, ili kivinjari cha jana kiweze kuusoma ukurasa wa kesho pasipo kuanguka. Ubaya wake ni ule ukimya. Mwandishi haambiwi kilichorukwa.

Sasa tuyatazame madoido yangu manne moja moja. Internet Explorer 8 ilitoka mwaka 2009. Pembe za mviringo na kivuli cha kisanduku zilianza kueleweka katika Internet Explorer 9, mwaka 2011. Kwa hiyo yote mawili yalirukwa. Utando wangu niliuandika kwa rangi ya aina ya rgba, yaani nyekundu, kijani, buluu, na kipimo cha nne kinachosema rangi izibe kiasi gani. Nao haukueleweka hadi toleo la 9. Agizo la kijivu nililoliandika, filter: grayscale(100%), halikueleweka katika Internet Explorer yoyote mpaka programu hiyo ilipostaafishwa.

Manne yote yalianguka, lakini hayakuanguka sawa. Pembe na kivuli vilikuwa mapambo. Vikikosekana, ukurasa unapungua uzuri tu. Mvulana yule hakukosa safari kwa sababu ya pembe. Kijivu, kwa upande mwingine, ndicho kilichosema nani ni mteule na nani ni wa akiba. Kilipopotea, wote wakawa sawa. Na utando ndio uliofanya maneno yasomeke. Ulipopotea, maneno yakapotea nao. Kwa hivyo kabla hujauliza, "Doido hili nitalionyeshaje katika kivinjari cha zamani?", uliza kwanza, "Doido hili linasema nini?" Kama halisemi kitu, liache lianguke, na usipoteze usiku wako kulitafutia dawa. Nimewaona watu wakibandika vipande vinne vya picha kwenye pembe nne za kisanduku ili tu kivinjari cha mwaka 2001 kionyeshe mviringo. Mimi nasema hiyo ni kazi ya bure.

TULIKOTOKA

Huenda msomaji akauliza: kwani vivinjari havikukubaliana tangu mwanzo? Havikukubaliana, na historia yake inafaa kujulikana, maana dawa tunazotumia leo zimetoka humo.

Mwaka 1993 programu ya Mosaic, iliyoundwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, ndiyo iliyowazoesha watu kuona picha katikati ya maneno, kwenye ukurasa ule ule. Madoido hayakuwepo. Ukitaka kivuli ulikichora ndani ya picha yenyewe. Picha nyingi zilikuwa za muundo wa GIF, uliotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987. GIF ina rangi zisizozidi 256, na kila nukta yake ama inaziba kabisa ama haionekani kabisa, nusu hakuna. Kivuli kinataka nusu. Basi watu walikichora kivuli juu ya weupe, kisha picha ikiwekwa kwenye ukurasa wa kijani unaona ukingo mweupe umeizunguka, kama mtu aliyenawa uso akasahau povu masikioni.

Muundo wa PNG wa mwaka 1996 ulileta nusu hiyo. Nukta yaweza kuwa na ngazi 256 za kupenyeza nuru. Tungesema shida imekwisha. Kumbe Internet Explorer 6, iliyotoka mwaka 2001 na kutumiwa miaka mingi sana, ilikuwa ikiichukua PNG ya aina hiyo na kuipaka usuli wa kijivukijivu mahali palipotakiwa kuwa wazi. Ilibidi kuipitisha picha katika chombo kiitwacho AlphaImageLoader ndipo itoke sawa. Toleo la 7, mwaka 2006, ndilo lililoponya.

Upande wa kubadilisha picha kipanya kikipita juu yake, Netscape Navigator 3 iliruhusu jambo hilo mwaka 1996. Internet Explorer 3 ya mwaka huo huo haikuweza, na skripti ilipojaribu ilitoa kosa. Waandishi wa kurasa wakabuni swali fupi ambalo mimi hulipenda mno:

if (document.images)

Maana yake: kama kivinjari hiki kina orodha ya picha inayoweza kuguswa na skripti, endelea, kama hakina, nyamaza. Angalia kwamba swali halisemi, "Wewe ni Netscape?" Linasema, "Waweza?" Nitalirudia jambo hili.

Kisha mwaka 1997 Internet Explorer 4 ikaja na vichujio vyake yenyewe. Palikuwa na cha kijivu, cha kugeuza rangi kinyume, cha kupindua picha kushoto kulia, cha ukungu, cha kivuli, hata cha mawimbi. Uliandika filter: gray na picha ikawa ya kijivu. Ni madoido ambayo vivinjari vingine vilikaa miaka zaidi ya kumi bila kuwa nayo! Lakini yalikuwa mali ya Microsoft peke yake, hayakuwa kanuni ya wote. Mwaka 2012 mambo mawili yakatokea. Chrome 18 ikaleta vichujio vya kanuni mpya, vikiandikwa -webkit-filter, na Internet Explorer 10 ikavitupa vile vya zamani. Firefox ikavipokea vya kanuni mpya katika toleo la 35, Januari 2015. Internet Explorer 10 na 11 zikabaki katikati, bila vya kale wala vipya, kama mkulima aliyeuza jembe lake kabla trekta haijafika. Ndiyo sababu picha inayogeuka kijivu katika toleo la 8 kwa agizo la kale hukataa katika toleo la 11. Wenye haja kubwa huko waliiweka picha ndani ya mchoro wa SVG na kutumia kichujio cha SVG chenyewe, ambacho toleo la 10 na 11 hukielewa.

Microsoft iliistaafisha Internet Explorer 11 katika Windows 10 mwezi Juni 2022. Hata Windows XP yenyewe iliachwa kutunzwa tangu Aprili 2014. Lakini kompyuta haijui kwamba imestaafishwa. Madhali inawaka, mtu ataketi mbele yake na kusoma. Na juu ya Windows XP huwezi kupanda kupita Internet Explorer 8. Upo ushauri wa kuweka Firefox 52, toleo la mwisho lililokubali XP, nao ni ushauri mzuri. Mwalimu wa kompyuta aliiweka katika kompyuta tatu zetu zenye nguvu kidogo. Hizo nyingine zilikuwa zikihema hata kabla ya kuifungua.

KUUTENGENEZA UTANDO

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipokosea zaidi.

Kila rangi ya skrini hutajwa kwa namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Nyeusi ni 0, 0, 0. Nyeupe ni 255, 255, 255. Utando wenye kipimo cha 0.6 maana yake ni kwamba asilimia 60 ya kinachoonekana ni rangi ya utando, na asilimia 40 ni ya kilicho chini yake. Kwa shati jeupe chini ya utando mweusi hesabu ni hii:

0.6 × 0 + 0.4 × 255 = 102

Yaani shati linakuwa kijivu cha 102, 102, 102, na herufi nyeupe zinasomeka juu yake. Zinasomeka kiasi gani? Shirika la W3C, lenye kutunga kanuni za mtandao, lilitoa mwaka 2008 mwongozo unaotaka mwanga wa maandishi ya kawaida na wa usuli wake upishane kwa angalau 4.5 kwa 1. Nyeupe juu ya kijivu cha 102 ni kama 5.7 kwa 1. Imepita. Ukiulegeza utando hadi 0.5 shati linakuwa kama 128, na kipimo hakifiki hata 4 kwa 1. Na ukiuondoa utando wote, nyeupe juu ya nyeupe ni 1 kwa 1. Huo ndio ukurasa aliousoma yule mvulana.

Dawa yake ni mstari mmoja. Mstari mmoja tu! Nilikuwa nimeandika:

.jina { color: #fff; background: rgba(0,0,0,0.6); }

Nilipaswa kuandika:

.jina { color: #fff; background: #333; background: rgba(0,0,0,0.6); }

Hapa ukimya wa kivinjari unageuka kuwa rafiki. Kivinjari kipya husoma usuli wa kwanza, kikasoma wa pili, na wa pili ukaushinda wa kwanza kwa kuwa umekuja baadaye. Cha zamani husoma wa kwanza, cha pili hakikielewi, kinakiruka, na kinabaki na kijivu kizito kisichopenyeza kitu. Sehemu ya chini ya picha inazibwa, tai haionekani, lakini jina linaonekana. Mpangilio ni sharti uwe huo. Ukianza na rgba ukamaliza na #333, hata kompyuta mpya itaonyesha kijivu kizito.

Anayetaka utando wa kweli hata katika toleo la 8 anaweza kutengeneza PNG ndogo ya nukta kumi kwa kumi, nyeusi yenye uzito wa asilimia 60, akairudiarudia kama vigae. Itafanya kazi tangu toleo la 7. Mimi sikuona haja.

Jambo jingine la karibu na hili: kuna agizo liitwalo opacity, ambalo hupunguza uzito wa kisanduku kizima. Internet Explorer kabla ya toleo la 9 hailijui; huandikiwa filter: alpha(opacity=50) mahali pa opacity: 0.5. Angalia, huku ni 50, kule ni 0.5, wengi huteleza hapo. Lakini mtego mkubwa si huo. Opacity hufifisha kila kilicho ndani ya kisanduku, maneno pia. Ukiitumia kwa utando wenye jina ndani yake, jina nalo linafifia. Rgba hufifisha usuli peke yake.

KIJIVU

Kugeuza rangi kuwa kijivu si kujumlisha namba tatu na kugawanya kwa tatu, ingawa mimi nilidhani hivyo. Jicho la binadamu huona kijani kuwa chenye mwanga zaidi kuliko nyekundu, na nyekundu kuliko buluu. Kichujio cha kanuni mpya huzipima hivi: nyekundu 0.2126, kijani 0.7152, buluu 0.0722. Chukua sweta ya damu ya mzee, 128, 0, 0, na tai ya kijani, 0, 128, 0. Kwa kugawanya kwa tatu zote mbili zinakuwa 43, na tai inapotelea ndani ya sweta. Kwa uzito wa jicho, sweta ni 27 na tai ni kama 92. Zinatengana, kama tunavyoziona.

Sasa, kuilazimisha Internet Explorer 8 ionyeshe kijivu inawezekana. Vivinjari hivyo, tangu toleo la 5 hadi la 9, husoma maoni yenye sharti, yaani maneno yaliyofichwa ndani ya maoni ya HTML yakianza na [if lte IE 8]. Kivinjari kingine chochote huyaona kuwa maoni tu na kuyapita. Ndani yake unaitaja faili ya mtindo ya peke yake, na humo unaandika filter: gray. Ni njia safi na nimeijaribu. Ila ukiandika hivyo umetibu toleo la 8 na la chini yake tu.

Mwishowe nilichagua njia ya kale kuliko zote. Nilizifungua picha nne za akiba katika programu ya kuhariria picha, nikazigeuza kijivu, nikazihifadhi kwa jina jipya. Basi! Hakuna kivinjari kinachoweza kukataa, kwa sababu hakuna doido lililoombwa. Picha yenyewe ndiyo ya kijivu. Mosaic ya 1993 isingeweza kuibishia. Gharama yake ni faili ya ziada, na faili ya kijivu aghalabu ni nyepesi kidogo kuliko ya rangi maana haibebi habari za rangi. Watu wa sasa hucheka njia hii, wakisema ni ya kishamba. Wacha wacheke. Kwa picha nne inafaa; kwa picha mia nne zinazobadilika kila wiki, isingefaa.

Na hata hivyo sikuridhika na kijivu. Mtu asiyetofautisha rangi vizuri, au anayesoma ukurasa uliochapwa kwa mashine ya rangi nyeusi tu, ataambiwa nini? Chini ya kila picha sasa kuna neno: MTEULE au AKIBA. Na ndani ya tagi ya picha, kwenye sifa ya alt, nimeandika jina na hali ya mhusika, ili picha isipofunguka kabisa maneno yaonekane mahali pake. Hilo la alt linapuuzwa sana. Halihitaji ujuzi wowote, ni kuandika tu.

WEWE NI NANI, AU WAWEZA NINI?

Niliahidi kulirudia lile swali la mwaka 1996. Vijana wengi wanapogundua kwamba vivinjari hutofautiana huandika skripti inayouliza jina: kama ni Internet Explorer fanya hivi, kama ni Firefox fanya vile. Jina hudanganya. Toleo linalofuata huja na uwezo mpya, na skripti yako bado inalitendea kama mzee. Ni afadhali kuuliza uwezo. Tangu mwaka 2013 Chrome na Firefox zina agizo la CSS liitwalo @supports, linalofanya hivyo hasa: @supports (filter: grayscale(100%)), kisha mabano ya mtindo. Kivinjari kisichoijua @supports huiruka yote pamoja na vilivyomo, nawe hupati hasara, mradi ukurasa wako wa kawaida ulikuwa umekamilika kabla ya kufika hapo.

Kwa kurasa zetu za diskini niliepuka skripti kabisa. Windows XP, tangu sasisho lake la pili la mwaka 2004, huzuia skripti za faili zilizofunguliwa kutoka kwenye diski, na huonyesha ukanda wa manjano juu ya ukurasa ukiuliza kama uruhusu. Mwanafunzi gani atausoma ukanda huo wakati wa prepu?

Ukurasa mpya nilimpelekea yule mvulana kwanza, kabla ya mlezi. Tuliufungua kwenye kompyuta ya saba, ile nzee kuliko zote. Nikamwambia asome kila anachokiona kwa sauti. Akasoma majina kumi na sita, nani mteule na nani akiba, na agizo la chini. Kisha akaniuliza mbona pembe si za mviringo kama kwenye kompyuta ya mlezi. Nikamweleza. Siku hizi ndiye anayenakili kurasa za chama, na hanakili kitu ambacho hajakifungua kwenye kompyuta ya saba.

ZOEZI

1. Shati jeupe limefunikwa kwa utando mweusi wa kipimo cha 0.7. Tafuta namba ya kijivu inayopatikana.

2. Kitambaa cha manjano ni 255, 255, 0. Kigeuze kijivu kwa kugawanya kwa tatu, kisha kwa uzito wa jicho. Jibu lipi linakaribia mwanga unaouona ukikitazama kitambaa chenyewe?

3. Mwandishi ameweka picha za wagombea wawili wa uongozi wa chama. Aliyejiuzulu ametiwa ukungu. Andika upya sehemu hiyo ili isomeke sawa katika Internet Explorer 8.

Majibu mpeni katibu wa chama kabla ya kufunga shule. La tatu ningependa kulisahihisha mwenyewe.